Je, prosesa ya bei nafuu ni duni? Jibu kwa mzazi aliyeshindwa kuchagua kati ya Intel na AMD

"Ndugu mtaalamu, salaam. Binti yangu anaanza chuo mwaka huu, anakwenda kusomea uhasibu, na ninataka kumnunulia kompyuta mpakato iliyotumika kwa sababu mpya siimudu. Katika duka moja Kariakoo nimeonyeshwa mbili. Ya kwanza ina Intel Core i7-7500U, gigahezi 2.7. Ya pili ina AMD Ryzen 5 5500U, gigahezi 2.1. Zote zina RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, na ile ya Intel imezidi bei kwa shilingi 50,000. Muuzaji ananishauri niongeze hiyo hamsini. Anasema AMD ni nakala ya Intel, inachemka haraka, na ndiyo maana huuzwa kwa bei ya chini. Tena saba ni zaidi ya tano, na 2.7 ni zaidi ya 2.1. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta, anasema kinyume kabisa. Fedha yenyewe ni ya mkopo wa kikundi, sina nafasi ya kukosea. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu mzazi, wasiwasi wako nimeuelewa, na ni wa haki. Huulizi ni kampuni gani iliyo bora duniani. Unauliza kama hiyo elfu hamsini ya ziada inanunua chochote, na kama unafuu wa mashine ya pili umeficha kasoro ambayo binti yako ataigundua akiwa katikati ya mitihani. Kwa mashine hizi mbili ulizozitaja, mtoto wa kaka yako ndiye aliye sahihi: prosesa ya Ryzen, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, ina nguvu kubwa kuliko hiyo i7, na si kwa tofauti ndogo. Lakini ukiondoka na jibu hilo peke yake sitakuwa nimekusaidia vya kutosha, kwa sababu katika duka la pili unaweza kuonyeshwa jozi nyingine ambayo Intel ndiyo inayostahili fedha yako, na hoja utakazosikia huko zitakuwa hizi hizi. Hoja za muuzaji wako hazikutungwa juzi. Karibu kila moja iliwahi kuwa na ukweli ndani yake katika mwaka fulani, na tatizo ni kwamba mwaka huo umekwisha pita.

Nianze na hili la nakala. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilianzishwa mwaka uliofuata, 1969, na Jerry Sanders pamoja na wenzake. Wote hao walitoka katika kampuni moja huko California, Fairchild Semiconductor, kwa hiyo tangu mwanzo hawa ni majirani waliofahamiana. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi ilichagua prosesa ya Intel, 8088, lakini haikutaka kumtegemea mtengenezaji mmoja tu, maana kiwanda hicho kikikwama, biashara nzima ya IBM ingekwama nacho. Ikataka awepo mtengenezaji wa pili wa chipu ile ile. Mwaka 1982 Intel na AMD wakatia saini mkataba wa kubadilishana teknolojia, na AMD ikaanza kutengeneza prosesa zilizobuniwa na Intel kwa ruhusa kamili. Huko ndiko neno "nakala" lilikotoka, na ilikuwa nakala halali iliyotakiwa na mteja mkubwa kuliko wote.

Uhusiano huo haukudumu. Intel ilipotoa prosesa ya 386 mwaka 1985 iliona kuwa sasa ina nguvu ya kutosha kuuza peke yake, ikakataa kumpa AMD michoro yake. Wakaburuzana katika mabaraza ya usuluhishi na mahakama kwa miaka mingi. Mwaka 1991 AMD ilitoa 386 yake yenyewe, ikiwa na megahezi 40 wakati ile ya Intel ya juu kabisa ilikuwa na 33, na kwa bei ndogo. Mgogoro mzima ulimalizwa kwa mapatano mwaka 1995, na tangu katikati ya miaka hiyo ya 1990 AMD imekuwa ikiuza prosesa inazozibuni yenyewe kuanzia karatasi tupu. Kinachofanana kati ya kampuni hizi mbili ni seti ya amri ambazo prosesa inaelewa, na ndiyo maana programu ile ile ya Windows hufanya kazi kwenye zote bila wewe kuhisi tofauti.

Tena, katika hilo, deni si la upande mmoja. Kompyuta zilipohitaji kuhama kutoka biti 32 kwenda biti 64 ili ziweze kutumia RAM kubwa, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea, Intel ilitaka kuwapeleka wateja wa kompyuta kubwa kwenye njia mpya kabisa iliyoitwa Itanium, ambayo haikuzipokea vizuri programu za zamani. AMD ilichagua kuziongeza biti hizo juu ya seti ya amri iliyozoeleka, ikaitoa mwaka 2003, na soko likaipokea. Mwaka 2004 Intel ikalazimika kuufuata mpango wa mshindani wake. Hiyo i7 uliyoonyeshwa, pamoja na Windows iliyomo ndani yake, inatumia amri za biti 64 zilizobuniwa na AMD. Ukimweleza muuzaji hili, mweleze kwa upole, kwa sababu wengi hawalifahamu.

Sasa tuje kwenye gigahezi, ambazo ndizo zinazowapoteza wanunuzi wengi. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Ni idadi ya mara ambazo saa ya ndani ya prosesa inagonga, wala si kiasi cha kazi kinachofanyika kila inapogonga. Wafikirie watu wawili wanaochota maji kisimani: mmoja anakimbia na kopo, mwingine anatembea na ndoo. Ukihesabu safari peke yake, utamsifu aliyeshika kopo huku pipa la mwenzake likiwa limejaa.

Watengenezaji wenyewe ndio waliotufundisha kuhesabu safari. Mwezi Machi mwaka 2000 AMD ilitangulia kufikisha gigahezi moja kwa prosesa yake ya Athlon, na Intel ikatangaza yake siku mbili baadaye. Magazeti ya kompyuta yaliandika kana kwamba ni mbio za riadha. Mwishoni mwa mwaka huo Intel ilitoa Pentium 4, iliyobuniwa makusudi ili saa yake iweze kugonga haraka sana. Njia iliyotumika ilikuwa kuigawa kila kazi katika hatua nyingi fupi fupi, 20 katika toleo la kwanza na 31 katika toleo la mwaka 2004. Hatua fupi humalizika upesi, kwa hiyo saa inaweza kukimbizwa. Lakini prosesa hubahatisha mapema ni amri gani itakayofuata, na inapobahatisha vibaya hulazimika kutupa yote yaliyokwisha kuingia katika msururu na kuanza upya. Msururu ukiwa mrefu, hasara ni kubwa. Hivyo Pentium 4 ilikuwa na gigahezi nyingi na kazi kidogo kwa kila pigo, huku Athlon ikiwa na gigahezi chache na kazi nyingi zaidi. Mwaka 2001 AMD iliacha hata kuzitaja gigahezi katika majina ya bidhaa zake: prosesa iliyoitwa Athlon XP 1800+ ilikuwa na gigahezi 1.53 tu.

Mbio hizo zilisimamishwa na joto. Kadiri saa inavyogonga haraka, ndivyo umeme unavyotumika zaidi. Na ili saa igonge haraka bila kukosea, volti nazo huongezwa, na athari ya volti katika matumizi ya umeme ni kubwa kuliko ya saa yenyewe, kwa kuwa hupanda kwa kipeo cha pili. Intel ilifika gigahezi 3.8, na mwezi Oktoba 2004 ikafuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo, yenye gigahezi chache kuliko Pentium 4 na kasi kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo kampuni iliyowafundisha watu kuziamini gigahezi iliachana nazo yenyewe miaka mingi iliyopita, ila somo lake bado linafundishwa madukani.

Kuhusu hizo mbili zako kuna jambo jingine. Hiyo 2.7 na hiyo 2.1 ni kasi za kawaida. Kazi inapokuwa nzito, prosesa ya leo hujiongeza yenyewe kwa muda: i7-7500U hufika 3.5, na Ryzen 5 5500U hufika 4.0. Halafu i7 hiyo ina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazoweza kufanya hesabu kila moja kivyake, wakati Ryzen hiyo ina viini sita. Hata ukilinganisha kiini kimoja kwa kimoja, Ryzen haiko nyuma. Na kazi inapogawanyika kwenye viini vyote, uwezo wake unazidi mara mbili ya ule wa i7.

Kuhusu joto, muuzaji wako anarudia sifa mbaya ambayo AMD iliipata kwa matendo yake. Prosesa za Athlon za mwaka 2000 na 2001 hazikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya joto. Video moja ya majaribio ilisambaa mwaka 2001, chuma cha kupoozea kikiondolewa juu ya prosesa zikiwa kazini: Pentium 4 ilipunguza mwendo na kuendelea kuishi, Athlon ikaungua na kutoa moshi. Miaka kumi baadaye, mwaka 2011, AMD ilitoa familia ya FX ambayo ilitumia umeme mwingi na bado ikashindwa na Intel kwa kasi, na moja ya matoleo yake ya baadaye ilihitaji wati 220. Mtu aliyekuwa fundi katika miaka hiyo ana haki ya kukumbuka. Lakini prosesa ya mwaka 2021 haiwezi kuhukumiwa kwa makosa ya mwaka 2001, kama ambavyo nisingekuzuia kununua Intel kwa sababu tu prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikutwa na tatizo la volti mwaka 2024, hadi kampuni ikalazimika kuongeza miaka miwili ya dhamana.

Jambo la kuangalia ni hili: prosesa zote mbili ulizoonyeshwa zimepangiwa wati 15. Kiwango chao cha joto ni kimoja. Ile ya AMD ilitengenezwa na kiwanda cha TSMC cha Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 7, ile ya Intel kwa nanomita 14 za Intel yenyewe, na ingawa namba hizo za viwanda hazilinganishwi moja kwa moja, tofauti ya vizazi hapo ni ya kweli, na ndiyo inayoiwezesha ya pili kufanya kazi nyingi zaidi kwa umeme ule ule. Kompyuta mpakato iliyotumika ikichemka, kwa kawaida chanzo ni vumbi lililoziba feni, au yale mafuta mazito ya kupitisha joto juu ya prosesa ambayo yamekauka, au umbo jembamba mno ambalo mtengenezaji wa mashine alilichagua. Hayo yote hayajali jina lililo kwenye kibandiko.

Sasa nifike penye kiini cha swali lako, yaani bei, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo.

Sisi wanunuzi huwa tunadhani kwamba bei ni kipimo cha ubora: kilicho ghali ni kizuri, kilicho nafuu kina kasoro. Kwa mchele au kitambaa dhana hiyo inaweza kukusaidia mara nyingi. Kwa prosesa inakupotosha. Gharama kubwa katika biashara hii hulipwa kabla chipu ya kwanza haijauzwa: kuibuni huchukua miaka kadhaa na maelfu ya wahandisi, na kiwanda kimoja cha kisasa hugharimu mabilioni ya dola. Baada ya hapo, kutengeneza chipu moja zaidi ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na bei yake dukani. Mwenye kiwanda basi hapangi bei kwa kuangalia silikoni imemgharimu kiasi gani. Anaipanga kwa kuangalia mshindani wake anauza nini na kwa kiasi gani mwaka huo. Hata ndani ya kampuni moja mambo ni hayo hayo: chipu nyingi hukatwa kutoka kwenye kisahani kimoja cha silikoni, na ile ambayo sehemu yake imetoka na hitilafu huzimwa viini hivyo vibovu, ikapewa jina la chini na bei ya chini, ikafanya kazi sawasawa kwa viini vilivyobaki.

Ukilielewa hilo, historia ya bei inasomeka vizuri. Tangu mwaka 2011 AMD ilikuwa hoi. Hisa yake moja iliwahi kushuka chini ya dola 2 mwaka 2015. Katika kipindi hicho Intel haikuwa na mtu wa kuisukuma, na prosesa zake za mezani kwa wanunuzi wa kawaida zilikaa kwenye viini vinne mwaka baada ya mwaka. Za kompyuta mpakato nyembamba zilikaa kwenye viini viwili, hata zile zilizopewa jina kubwa la i7. Lisa Su alishika uongozi wa AMD mwezi Oktoba 2014, na mwezi Machi 2017 kampuni ikatoa Ryzen. Ryzen 7 1800X ilikuwa na viini vinane kwa dola 499, wakati prosesa ya Intel yenye viini vinane, Core i7-6900K, ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kabla mwaka huo haujaisha, Intel ilikuwa imeongeza viini katika prosesa zake za mezani kutoka vinne hadi sita, na katika kompyuta mpakato nyembamba i5 mpya, i5-8250U, ikaja na viini vinne. Sisemi kwamba kila hatua ya Intel ililetwa na Ryzen peke yake, maana chipu haibuniwi kwa miezi sita. Lakini ni vigumu kuamini kwamba ukarimu huo ungefika kwa haraka na kwa bei ile kama AMD ingekuwa bado imelala.

Tazama basi hiyo i7-7500U yako inakaa wapi katika simulizi hii. Ilitoka mwaka 2016, mwishoni kabisa mwa kile kipindi ambacho Intel haikuwa na mshindani. Ni i7 yenye viini viwili. Mwaka mmoja tu baadaye i5 ya Intel yenyewe ilikuwa imeipita. Kwa hiyo hiyo hamsini ya ziada haitoki kwenye uwezo wa prosesa. Inatoka kwenye herufi na namba iliyobandikwa karibu na kibodi.

Wala usidhani kwamba AMD huuza kwa bei nafuu kwa sababu ya huruma. Iliuza kwa bei nafuu ilipokuwa nyuma, na ilipotangulia ikafanya kama mwenzake: mwaka 2020 Ryzen 5 5600X ilitoka kwa dola 299, hamsini zaidi ya ile 3600X iliyoitangulia katika nafasi hiyo hiyo. Mnunuzi anafaidika pale kampuni zote mbili zinapokuwa na nguvu. Mimi binafsi sina kampuni ninayoishabikia, na ningependa wewe pia usiwe nayo.

Kibandiko chenyewe kina historia yake. Mahakama huko Marekani ilipoamua mwaka 1991 kwamba namba kama 386 haiwezi kumilikiwa kuwa alama ya biashara, Intel iliona kuwa yeyote anaweza kuandika 386 au 486 kwenye bidhaa yake. Mwaka huo huo ikaanzisha kampeni ya "Intel Inside", ambayo iliwalipa watengenezaji wa kompyuta sehemu ya gharama zao za matangazo ili waweke alama hiyo kwenye matangazo na kwenye mashine. Mwaka 1993, badala ya 586, likaja jina Pentium. Huo ulikuwa werevu mkubwa wa kibiashara: kipande cha ndani ambacho mnunuzi hakioni kamwe kikawa jina analoliulizia dukani. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06, ikidai kwamba punguzo ililowapa watengenezaji wakubwa wa kompyuta lilimfungia AMD mlango. Sehemu kubwa ya uamuzi huo ilibatilishwa na mahakama mwaka 2022, kwa hiyo si haki kuutaja kama hukumu iliyosimama. Mwaka huo wa 2009 pia Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kumaliza kesi kati yao. Nakueleza haya ili uone kwa nini mashine za Intel ndizo zilizojaa madukani kwetu: tunapokea kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo, na ofisi hizo kwa miaka mingi zilinunua Intel.

Majina ya i3, i5 na i7 hayapimi kasi. Yanaonyesha nafasi ya chipu katika ngazi ya bei ya mwaka wake. AMD ilipokuja na Ryzen 3, 5 na 7, ilichagua namba hizo makusudi ili ziwekwe sambamba na za mwenzake. Nayo AMD haijawa mkweli wakati wote. Hiyo 5500U yako ina viini vya kizazi cha nyuma kuliko 5600U, ingawa ukiyatazama majina utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Baadaye ilitoa Ryzen 5 7520U, ambayo kwa jina inaonekana mpya kuliko yako, kumbe ina viini vinne vya kizazi kile kile cha 5500U. Kwa hiyo usinunue "i7" wala "Ryzen 5". Nunua jina zima, pamoja na tarakimu zake zote na herufi ya mwisho, kisha utafute lilitoka mwaka gani na lina viini vingapi.

Turudi kwenye uamuzi wako. Kwa majedwali, programu za uhasibu, kuandika ripoti na masomo ya video, i7 ile ingefanya kazi leo, na sitaki kukutisha kwamba haitawaka. Kinachonifanya niikatae ni miaka mitatu au minne iliyo mbele ya binti yako. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Tarakimu ya kwanza katika 7500 inakuambia kuwa hiyo ni ya kizazi cha saba, na haimo katika orodha. Unaweza kuikuta dukani tayari ina Windows 11, kwa sababu zipo njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na kwa mtu atakayeshika hesabu za watu wengine usalama wa masasisho si jambo dogo. Ryzen 5 5500U inakubalika bila kulazimishwa.

Kuna mazingira ambayo ningekuambia uchukue Intel bila kusita. Kama i7 hiyo ingekuwa ya kizazi cha kumi na moja au cha kumi na mbili, mazungumzo yetu yangekuwa mengine kabisa. Kama ungeonyeshwa Ryzen ya zamani, ya mfululizo wa 2000 au 3000, dhidi ya i5-1135G7 ya mwaka 2020, ningechagua Intel. Na prosesa si kila kitu: mashine yenye Ryzen nzuri, betri iliyokufa na kioo chenye michirizi haiwezi kuwa bora kuliko yenye prosesa ya wastani iliyotunzwa.

Ndiyo maana kabla ya kulipa, iwashe mashine pale pale dukani bila waya wa chaji. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa unaoonyesha utendaji (Performance), kisha ubonyeze palipoandikwa CPU. Jina kamili la prosesa litakuwa juu upande wa kulia, na chini yake idadi ya viini. Hakikisha panasomeka 5500U, na viini 6. Halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na usome taarifa itakayotengenezwa: linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Muuzaji akikukataza kuiwasha, usinunue, hata akikupunguzia.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kukuthibitishia kutoka huku niliko. La kwanza ni hali ya ndani ya mashine yenyewe: feni, bawaba, alama za maji kwenye bodi, na kama SSD, yaani diski ya kuhifadhia kazi zake, imechakaa. Kwa hayo nenda na fundi unayemwamini, asiye na uhusiano na duka, na ukubaliane naye ujira wake mapema. Mwombe aiache mashine ikifanya kazi nzito kwa nusu saa na kuisikiliza. La pili ni mahitaji ya chuo. Mwambie binti yako aulize idara yake ni programu gani zitakazotumika, kwa sababu kama watatumia programu inayohitaji RAM ya GB 16, ni bora ulijue sasa.

Ukikuta Ryzen imekwisha kuuzwa, usirudi kwenye i7 ile kwa kukata tamaa. Ulizia mashine yenye i5-8250U au ya juu zaidi, kwa bei isiyozidi uliyoandaa. Ukiipata Ryzen, ile elfu hamsini iweke kando, na fundi atakapokuwa ameifungua mashine mwombe aangalie kama RAM ni ya kuchomeka au imechomelewa kwenye bodi. Ikiwa kuna nafasi ya kipande cha pili, kiongeze mapema kadiri utakavyoweza, kwa sababu mashine hii hutumia RAM hiyo hiyo kwa picha za kwenye kioo, na vipande viwili huipa njia pana zaidi kuliko kimoja. Ikiwa imechomelewa, fedha hiyo itasubiri betri mpya, ambayo kwa mashine iliyotumika utaihitaji kabla binti yako hajamaliza chuo.